Gumegume hatuna, ila mawe tunayo

Mitihani imekwisha, nipo likizo nyumbani Bariadi, vumbi kama kawa na michembe ipo ya kutosha. Leo sina habari za bweni wala za boom. Nina habari za mawe. Ndiyo, mawe! Wiki ya pili hii najifunza kupasua mawe kama watu wa kale, na washkaji wa kijiweni wanasema elimu imenizidi. Waache wacheke, ila historia iliyomo humu si ya kuchekwa.

Tuanze na kisa. Mwaka 1911 daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, alipita Olduvai akaondoka na mifupa ya wanyama wa kale. Mwaka 1913 akaja mwanajiolojia Hans Reck. Akachimba weee, akapata mifupa kibao, lakini akarudi kwao akisema zana za mawe pale hakuna. Mwaka 1931 Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete kule Kenya, akaenda na huyohuyo Reck. Wakawekeana dau la pauni 10: Leakey alidai ataona zana ndani ya saa 24. Alishinda bila hata kutoa jasho.

Sasa Reck alikuwa haoni? Leakey alieleza kwamba mwenzake alikuwa anatafuta gumegume. Ulaya zana nyingi za kale ni za gumegume, lile jiwe gumu linalotoa cheche, ndo maana hata bunduki za zamani za kwetu zikaitwa hivyo. Olduvai zana zilikuwa za mawe ya volkano na kwatzaiti. Msomi mzima akawa anatembea juu ya ushahidi, kisa tu haukufanana na wa kwao.

Kisa hicho ndo kimenikalisha chini ya mwembe. Bariadi nayo gumegume hatuna. Ile milima ya mawe yaliyopandana mnayoiona mkiwa kwenye basi ni granaiti, na granaiti ina chembe kubwa, ukiipiga inavunjika ovyo na kuwa kokoto. Lakini humo humo kuna mishipa ya jiwe jeupe, kwatzi, lile ambalo wachimbaji wadogo wa kanda ya ziwa hulifuata wakitafuta dhahabu. Hilo linakata.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Unachukua jiwe la mtoni, la duara na gumu, hilo ndo nyundo. Mkono wa pili unashika jiwe la kupasuliwa, chini ya paja umeweka gunia lililokunjwa. Unatafuta ukingo ambao pembe yake haijafika nyuzi 90, unapiga karibu na ukingo, si katikati, na pigo linashuka kwa mshazari. Nguvu inasambaa ndani ya jiwe kama pia iliyogeuzwa, na upande wa chini kinachomoka kibanzi chenye makali. Ukipiga pembe butu, unaambulia vumbi na kidole kinachowaka moto.

Kuna mama jirani anaponda kokoto kwa ajili ya wajenzi. Aliniangalia kwa muda, nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mbona unaligombeza jiwe? Ligeuze kwanza, lina pa kupigia." Kweli, yeye hapigi kabla hajaligeuza mara mbili tatu. Hajaingia lecture hata moja ya akiolojia, na somo langu la kwanza la pembe nimelipata kwake.

Kwatzi ni kaidi hata hivyo, lina nyufa za ndani zisizoonekana. Wazee wa kale walikuwa na dawa yake: unalisimamisha juu ya jiwe lingine kubwa na kulipiga kutoka juu, nguvu inatoka pande zote mbili. Zana za kwatzi zilizopasuliwa kwa njia hiyo zimepatikana kwa wingi pango la Mumba, ng'ambo ya Ziwa Eyasi ukitokea wilaya yetu ya Meatu. Nilipojaribu hivyo, nikapata kibanzi cha ukubwa wa kucha ya dole gumba. Kikakata kamba ya katani. Kikakata nyama ya mbuzi, mdogo wangu akakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu nifike!

Sasa nifike ninapotaka kufika. Noti nyingi tulizokariri kidato cha kwanza zilisema mtu wa kale alitumia "zana duni". Ukiandika hivyo, vema unapata. Lakini pale Olduvai, alipopatikana Zinjanthropus mwaka 1959, kulikuwa na zaidi ya vipande 2,000 vya mawe vya takriban miaka milioni 1.8 iliyopita, vingi vikiwa vibanzi vidogo vya kukatia, na mifupa yenye alama za kukatwa. Kule Kanjera, Kenya, miaka kama milioni 2 iliyopita, watu walibeba mawe mazuri kutoka kilomita 10 na zaidi wakati mawe mengine yalikuwepo palepale. Na Mumba, zaidi ya miaka milioni moja baadaye, vimekutwa vipande vya kioo cha volkano vilivyotoka Kenya, zaidi ya kilomita 200. Huo ni uchaguzi, na uchaguzi unatokana na ujuzi. Kuna aliyejua, na kuna aliyekaa karibu naye akatazama.

Mwakani naenda kufundisha. Nikiingia darasani na neno "duni", mtoto wa Bariadi atatoka akiamini kwao hakukuwa na akili mpaka ilipoletwa, na atapita juu ya historia yake kama alivyopita Reck. Bora nimpe jiwe jeupe alishike, aligeuze, atafute pa kupigia.

Kwa mtakaojaribu: vaeni miwani, kibanzi kikiingia jichoni hakuna mchezo. Fanyieni nje penye upepo, vumbi la kwatzi linaharibu mapafu. Msiokote zana kwenye maeneo ya kale, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda. Na mabaki yenu yafukieni pamoja na kizibo cha soda, ili mtafiti wa miaka ijayo asije akatangaza kwamba Bariadi kulikuwa na kiwanda cha kale.

Haya, ng'ombe wanarudi, zamu ya kuwafungia ni yangu. Tuonane chuo, na vidole vyangu vikiwa vizima!