Sabuni, jivu na makala: historia ya moto wetu



Mtu akitembea Mabanga, Kaskazini au Kusini, anakanyaga mawe meusi ya volkano, na mbele ya milango mingi anakuta vitu vitatu: bidoni ya maji, mbabula yenye makala, na beseni ya nguo yenye povu. Ni vitu vya kila siku, hakuna anayevishangaa. Lakini ndani yake kuko historia nzima ya viwanda katika sehemu yetu. Siku hizi tunasikia maneno kama "kemia ya kijani" na "viwanda visivyoharibu mazingira", na wengi wanawaza ni mambo mapya yaliyotoka mbali. Sisi tunapenda kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo iko nyumbani kwetu tangu zamani.

Tuanze na jivu. Kabla ya sabuni ya dukani, watu wa sehemu nyingi za Kongo walitengeneza sabuni yao wenyewe. Walichoma maganda ya ndizi au mimea mingine, wakaweka jivu ndani ya chombo chenye matundu, wakamimina maji juu yake polepole. Maji yaliyodondoka chini yalikuwa makali, yanateleza mkononi. Waliyachemsha pamoja na mafuta ya mawese mpaka yakawa mazito. Ilitoka sabuni laini, ya rangi nzito, isiyopendeza macho lakini inayosafisha vizuri. Wanakemia wanaeleza hivi: jivu lina potasi, na potasi ikikutana na mafuta inazaa sabuni na gliserini. Wazee hawakuwa na majina hayo, ila kazi waliijua. Maganda ambayo yangetupwa yaliingia kazini, mafuta yalitoka kwa mti unaozaa tena, na hakuna sumu iliyobaki nyuma.

Ulaya nako walitumia jivu zamani. Halafu viwanda vyao vikakua, jivu likawa kidogo. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hati ya njia ya kutoa soda katika chumvi. Sabuni ikawa ngumu na nyingi, lakini viwanda vya soda vilitoa moshi wa asidi uliokausha miti na mashamba ya jirani. Watu walilalamika mpaka Uingereza ikatunga sheria mwaka 1863: kila kiwanda cha soda kikamate asilimia 95 ya moshi ule. Na asidi iliyokamatwa ikawa bidhaa ya kuuza! Wakati huohuo Mbelgiji Ernest Solvay alikuwa amepata, mwaka 1861, njia nyingine yenye uchafu mdogo zaidi. Hapo tunajifunza kwamba kiwanda hakiwi safi kwa mapenzi ya mwenye nacho peke yake. Majirani wanapaswa kusema.

Sisi lakini hatukuwa na ruhusa ya kusema. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilifanya mapatano na Mwingereza William Lever, mwenye viwanda vya sabuni, akapewa haki ya kuchagua hekta 750,000 za misitu ya ngazi katika Kongo. Watu walilazimishwa kupanda michikichi na kukata ngazi kwa malipo madogo. Mwaka 1931 Wapende wa Kwango waliasi, na mamia yao waliuawa. Sabuni ile ilinukia vizuri kwa aliyeinunua, hakujua ilipita mikononi mwa nani. Kwa hiyo, tukisema leo "kiwanda safi", tusihesabu moshi tu. Tuhesabu na jasho.

Turudi Goma. Leo akina mama wengi, peke yao au katika vyama vyao, wanatengeneza sabuni nyumbani. Jivu limeachwa; wanatumia sude, ile soda kali inayonunuliwa dukani. Mawese yanatoka chini, upande wa Beni na Walikale, kwa sababu hapa juu kwetu kuna baridi na michikichi haistawi. Hii ni kazi ya heshima, imesomesha watoto. Ila kuko jambo moja linalofichwa na povu, ndilo moto. Mnunuzi anataka sabuni nyeupe. Basi mama anachemsha mawese kwa muda mrefu mpaka wekundu wote umekufa, na moto huo ni wa makala.

Makala hayo yanatoka wapi? Sehemu kubwa ya makala ya Goma inatoka Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925. Julai 2007 sokwe wa milimani waliuawa humo, na uchunguzi ulielekea kwenye biashara ya makala. Mwaka huohuo WWF ilianza mpango wa EcoMakala, ili wakulima wapande miti yao wenyewe ya kuchoma. Hatuwezi kumlaumu mama wa Mabanga. Yeye kila asubuhi anauliza tu, "Makala iko ngapi leo?", na jibu linapanda. Lakini sabuni iliyopikwa kwa msitu usiorudi si sabuni safi, hata ikiwa nyeupe kama maziwa.

Mwaka 1998 wanakemia wawili wa Marekani, Paul Anastas na John Warner, waliandika kanuni 12 za kemia ya kijani. Moja inasema ni afadhali kuzuia uchafu kuliko kuusafisha baadaye. Nyingine inasema tupunguze moto. Kwa sabuni hilo linawezekana. Mafuta na sude vikikutana vinazaa joto lao vyenyewe. Ukiyeyusha mafuta kidogo, ukapima vizuri, ukakoroga na kumimina katika vibao, sabuni inajipika. Inangoja wiki 3 au 4 kabla ya kuuzwa, na inabaki na rangi ya mawese. Kinachobaki ni kumfundisha mnunuzi kupenda sabuni nyekundu.

Kwa viwanda vikubwa pia kuko mifano ya karibu. Ng'ambo ya mpaka, kiwanda cha bia cha Gisenyi kilichoanza 1957 kilitumia kwa miaka mingi, tangu 1963, gesi ya methani ya ziwa letu la Kivu kuchemshia. Mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt, wa megawati 26, ulizinduliwa upande wa Rwanda kwa gesi ileile. Upande wetu, chini ya Ruwenzori, mtambo mdogo wa umeme wa maji ulifunguliwa Mutwanga mwaka 2013, na kiwanda cha sabuni cha SICOVIR kikajengwa huko kutumia umeme huo na mafuta ya wakulima wa pale. Desemba 2015 ukafuata mtambo wa Matebe, Rutshuru, wa megawati 13.6. Baadaye Mutwanga ilishambuliwa na watu wenye silaha, na watu walikimbia. Mto haukukauka, lakini bila amani hata maji hayazungushi kiwanda.

Basi tunawaachia wasomaji maswali matatu ya kuuliza mbele ya kila kipande cha sabuni. Mafuta yake yametoka kwa nani, na alilipwa? Moto wake umetoka wapi? Na maji yake machafu yamemwagwa wapi? Mawe yetu ya volkano yana matundu mengi. Tunachokimwaga Mabanga kinateremka kuelekea ziwa, na ziwa ndilo tunalochota. Wazee walichuja maji katika jivu kwa subira, tone kwa tone. Subira ile tukiirudisha, hata bila kurudisha jivu lenyewe, watoto wetu wataukuta msitu ungali umesimama.