Shakevale na kukuziwa: ndege wawili wa bonde moja Njombe

Msafiri atokaye Makambako kwenda Njombe kwa barabara ya Songea huweza kumwona shakevale (Buteo augur) ametua juu ya nguzo au akielea juu ya mashamba. Aghalabu kifua chake ni cheupe na mkia una rangi ya kutu, ingawa wapo walio weusi kifuani. Chini, katika matete ya bondeni, ni makazi ya ndege asiyeonekana kwa urahisi: kukuziwa mweusi (Zapornia flavirostra), mwenye mdomo wa manjano na miguu myekundu. Dume na jike hupokezana sauti, na wapita njia hudhani ni ugomvi.

Wawili hawa si ndugu. Shakevale ni wa jamaa ya tai. Kukuziwa yuko karibu zaidi na korongo. Wa kwanza ana uzito wa takriban kilo moja. Wa pili hufikia gramu 100 hivi, na vidole vyake virefu humwezesha kukanyaga majani yaeleayo majini bila kuzama.

Katika malezi ndipo wanapoachana kabisa. Shakevale hutaga kwa kawaida mayai mawili, juu ya mti mrefu au gengeni. Mara nyingi kinda mkubwa humwua mdogo wake, na anayesalia hukaa kiotani takriban wiki nane. Makinda ya kukuziwa huondoka kiotani siku chache baada ya kuanguliwa, na kaka na dada zao wa uzao uliotangulia husaidia kuwalisha.

Wafugaji wa kuku humlaumu shakevale, wakimchanganya na mwewe mwenye mkia wa panda. Kweli, naye hunyakua kifaranga mara mojamoja, lakini chakula chake kikuu ni panya, fuko, mijusi na nyoka. Hivyo sumu ya panya inayotegwa mashambani huweza kumfikia naye.

Hakuna kati yao aliye katika orodha ya ndege wanaokaribia kutoweka duniani. Hata hivyo, mabonde ya Njombe hulimwa vinyungu, bustani za kiangazi zinazolisha kaya nyingi, na bonde lililochimbwa mifereji na kufyekwa matete halimfai tena kukuziwa. Mkaratusi uliopandwa kando ya maji humpa shakevale mahali pa kutua. Mizizi yake hufyonza maji ambayo jirani yake huyategemea.