Ndizi za kukaanga: Aloko, dodo na kelewele katika jiko la nyumbani

NDIZI mbivu zilizokaangwa ni miongoni mwa vyakula vinavyopendwa sana Afrika Magharibi. Nchini Ivory Coast huitwa aloko, Wayoruba wa Nigeria huziita dodo, nao Waghana wana kelewele, ambayo hutiwa viungo kabla ya kukaangwa. Majina ni tofauti lakini msingi wa mapishi ni mmoja, na mtu yeyote mwenye kikaango na mafuta ya kutosha anaweza kuyaandaa nyumbani kwake.

Jambo la kwanza ni aina ya ndizi, na hapa ndipo wengi hukosea. Ndizi tamu za kula mbichi hunyonya mafuta na kuvurugika kikaangoni. Matoke nayo hayafai, kwa kuwa ni ndizi za kupika zikiwa bado za kijani. Inayotakiwa ni ile ndefu, nene, yenye maganda magumu na kingo zinazoonekana wazi. Katika masoko ya Tanzania, mnunuzi aulizie mzuzu au mkono wa tembo, ambazo ni za jamii hiyo hiyo inayolimwa Afrika Magharibi.

Jambo la pili ni kuiva. Ndizi inapoiva, wanga uliomo hugeuka kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo huipa rangi ya kahawia na ladha inayotafutwa. Ndizi ya kijani ikikaangwa huwa ngumu na kavu. Hiyo huachiwa watengenezaji wa kripsi. Ifaayo kwa dodo au aloko ni ya njano yenye madoa meusi, inayobonyea kidogo kwa kidole. Iwapo bado ni ya kijani, ifungwe kwenye gazeti au mfuko wa karatasi pamoja na parachichi lililoiva na kuachwa siku kadhaa. Isiwekwe kwenye jokofu kabla ya kuiva, kwani baridi huzuia uivaji na ganda huwa jeusi bure.

Iliyoiva mno hadi ganda likawa jeusi lote pia ina kazi yake, ingawa wauzaji wengi huitupa au kuiuza kwa bei ya hasara. Waghana huiponda, wakachanganya na unga, kitunguu na pilipili, kisha wakakaanga vibapa viitwavyo tatale. Katika mji wa Ikire, Jimbo la Osun nchini Nigeria, ndizi za namna hiyo hutengenezwa dodo Ikire, vipande vyeusi vyenye pilipili ambavyo wasafiri hununua njiani.

Kwa watu wanne, ndizi nne kubwa zinatosha. Kata ncha zote mbili, pasua ganda kwa urefu kufuata ukingo, kisha libandue kwa kidole gumba. Kata mshazari, unene wa sentimeta moja hivi, na unyunyize chumvi kidogo. Vipande vyembamba zaidi huungua upesi.

Mafuta yafike kina cha sentimeta mbili. Wengi hutumia mafuta ya mawese, ambayo wakazi wa Kigoma wanayafahamu vyema, lakini ya alizeti yanafaa pia. Tumbukiza kipande kimoja. Kikizungukwa na mapovu papo hapo, mafuta yako tayari. Yakianza kutoa moshi yamepita kiasi. Kaanga vipande vichache kwa wakati mmoja, dakika mbili hadi tatu kila upande, kwani kujaza kikaango hupoza mafuta na ndizi huyanywa. Opoa kwa kijiko chenye matundu na uweke juu ya karatasi.

Anayetaka kelewele akate ndizi vipande vya mraba na kuvichanganya na tangawizi iliyosagwa, pilipili, kitunguu, karafuu kidogo na chumvi. Viache dakika 15 kabla ya kukaanga. Huliwa pamoja na karanga za kukaanga, na kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo tamu kuliko zote. Aloko huandamana na samaki wa kuchoma na kachumbari yenye pilipili. Dodo huwekwa kando ya wali au mayai. Ndizi hizo pia huliwa na kunde zilizopikwa kwa mawese, mlo ambao Ghana huitwa red red.

Tahadhari kubwa ni moto. Mafuta yakishika moto, kamwe usimwagie maji, kwani maji hugeuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yanayowaka hadi usoni na kwenye mapazia. Zima jiko, funika kikaango kwa mfuniko wa bati au sufuria, na usikisogeze mpaka kipoe kabisa. Watoto wakae mbali na jiko muda wote wa kukaanga, na mpini wa kikaango uelekezwe ukutani.

Wenye kisukari wale kwa kiasi, na wenye maradhi ya figo wamuulize daktari kwanza kwa kuwa ndizi zina madini mengi ya potasiamu.