Hisa za Nairobi Ukiwa Uarabuni

Mwaka 2008 wengi wetu Pwani tulinunua hisa za Safaricom, shilingi 5 kila moja. Kisha nikaenda Uarabuni kutafuta riziki. Nikabadilisha laini ya simu na benki, nisimwambie wakala wangu wa hisa aliyeko katikati ya Nairobi. Gawio likakosa pa kufikia.

Gawio lisilodaiwa kwa miaka 3 hupelekwa UFAA, mamlaka ya mali zisizodaiwa, iliyoko Westlands. Halipotei: mwenyewe au mrithi hulidai bila malipo.

Kabla ya kusafiri, mpe wakala baruapepe, nambari na akaunti ya benki utakayoitumia. Na jamaa yako mmoja ajue nambari ya akaunti yako ya CDS. Mirathi isiyojulikana haigawiki.