Sewell: Mahame Kando ya Mgodi Ulio Hai

Mahame ya migodi husimuliwa kwa mtiririko mmoja: madini yaligunduliwa, watu wakamiminika, madini yakapungua, watu wakatawanyika. Bodie, mji wa dhahabu milimani California, unaingia vizuri katika simulizi hiyo. Sewell, mji wa shaba katika milima ya Andes nchini Chile, hauingii. Mgodi uliouzaa, El Teniente, unachimbwa hadi leo, nao ni miongoni mwa migodi mikubwa kabisa ya shaba ya chini ya ardhi duniani. Kilichokwisha Sewell si shaba, bali haja ya mwajiri kuwaweka wafanyakazi wake mlimani. Makala haya yanadai kwamba mgeni asiyeizingatia tofauti hiyo huona majengo bila kuyaona mamlaka yaliyoyajenga na kuyahama.

Sewell ilianzishwa mwaka 1905 na kampuni ya Kimarekani ya Braden Copper, mashariki mwa Rancagua, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Magari yasingeweza kupanda mteremko ule, hivyo mji ukapangwa pande mbili za ngazi kuu iliyoanzia stesheni ya reli. Ulipofikia kilele chake ulikuwa na wakazi wapatao 15,000, pamoja na hospitali, shule, sinema na kanisa. Hata hivyo, makazi yalifuata cheo. Wachimbaji wasio na familia walilala vyumba vya pamoja. Wenye familia walibanana katika majengo ya ghorofa. Wakuu wa Kimarekani walikuwa na nyumba za peke yao na klabu yao. Kampuni ilipiga marufuku pombe, na magendo yakashamiri.

Gharama ya shaba ilidhihirika tarehe 19 Juni 1945, moshi wa moto uliowaka karibu na lango la mgodi ulipovutwa hadi ndani ya mahandaki. Watu 355 walikufa, wengi wao kwa sumu ya kaboni monoksidi. Hawakuuawa na baridi wala theluji, bali na mahali pa kazi pasipo na kinga ya kutosha.

Kuanzia miaka ya 1960, familia zilihamishiwa Rancagua, na barabara ikawawezesha wafanyakazi kwenda mgodini na kurudi. Mwaka 1971 serikali ya Salvador Allende ilitaifisha shaba. Mwenye mali akabadilika, lakini uhamisho ukaendelea, na majengo mengi yakabomolewa. Yaliyosalia yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Hapo ndipo penye utata. Sehemu kubwa ya nyumba za wakuu ni miongoni mwa zilizobomolewa. Majengo ya wafanyakazi, yenye rangi nyekundu, njano na kijani, ndiyo yanayopigwa picha. Huenda mtu akasema hiyo ni haki iliyochelewa: mnyonge amedumu, bwana amefutika. Hoja hiyo inavutia, lakini inasahau kwamba dhiki isiyo na mwenye kuiamuru huonekana kama kazi ya maumbile. Mgeni hulaumu mlima kwa msongamano uliopangwa ofisini.

Tena, ardhi hiyo ni ya Codelco, kampuni ya umma inayoendesha mgodi, na ziara hufanyika kwa utaratibu maalumu. Anayechimba ndiye pia anayefungua lango la kumbukumbu. Si lazima afanye hila ili simulizi ielemee upande wake; inatosha aeleze uhandisi kwa kirefu na nidhamu ya kazi kwa ufupi.

Kwa hiyo, kuhifadhi mbao na ngazi ni nusu tu ya kazi. Misingi ya nyumba zilizobomolewa ioneshwe, kanuni za kampuni zisomwe palepale zilipotekelezwa, na waliokulia Sewell wapewe nafasi ya kusimulia mapenzi yao kwa mji huo pamoja na manung'uniko yao. Wengi wao waliupenda kwa dhati. Mapenzi hayo ni ushahidi wa maisha waliyojijengea ndani ya amri za wengine, na hayapaswi kugeuzwa hati ya kuzisafisha amri hizo.