Vinyago vya Udongo na Siri ya Mwali

Kabla reli ya kutoka Tanga haijafika Korogwe mwaka 1902, na kwa miaka mingi baada yake, msichana wa Uzigua akivunja ungo hakupewa kitabu. Alitiwa ndani akawa mwali, na waliokuja kumfunda walikuja na ngoma, nyimbo na udongo.

Udongo huo una habari ndefu. Wafundaji wa Uzigua, Unguu na Usambaa walifinyanga vinyago vidogo: mtu, mnyama, chombo cha nyumbani. Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake, na wimbo ndio uliofungua maana. Asiyeujua aliona mchezo wa watoto tu. Kwa njia hiyo mwali alifundishwa mwili wake, unyumba, heshima na miiko, na mpita njia asiambulie neno. Husemwa kwamba wazee waliona haya kuitaja damu. Si kweli. Walichagua nani wa kuambiwa, na huyo wakamwambia yote, tena kwa lugha ambayo redio za leo zisingethubutu kuirusha.

Jirani zao Wazaramo na Wakwere walikuwa na mwana hiti, kinyago cha mti kisicho na mikono wala miguu, kichwani kimechongwa vishungi viwili vya nywele. Mwali alikaa nacho ndani, akikipaka mafuta na kukilea kama mwanawe. Uzazi uliotangazwa na damu ile ukawa kitu cha kushika mkononi.

Siri ilivuja kwa wino. Mtoro bin Mwinyi Bakari alieleza mambo ya mwali na kungwi wa pwani katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Hans Cory, Mwaustria aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alikusanya vinyago pamoja na nyimbo zake. Makala yake kuhusu Wanguu ilitoka mwaka 1944, na kitabu kizima mwaka 1956. Mwaka 1980 Elisabeth Grohs akachapisha Berlin kitabu cha Kijerumani, Kisazi, juu ya unyago wa Wazigua na Wanguu. Basi mwanamume wa Berlin akaweza kusoma maktabani yale ambayo mume wa Handeni hakuruhusiwa hata kuyasikia mlangoni!

Siku hizi anayesema na mwali hadharani ni tangazo la taulo za kike, na kwa miaka mingi matangazo hayo, hapa na ng'ambo, yamemimina maji ya buluu mahali pa damu. Kungwi angecheka. Hedhi ilipofika bungeni Dodoma, ilifika kama hesabu: mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo, na mwaka 2019 ikairudisha, kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka.