Taa za malori katika njia ya Kasongo na Kabambare

Kasongo na Kabambare, miji miwili ya kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, imeachana kwa kilomita zipatazo 115 kwa mstari ulionyooka. Kwa gari ni zaidi, kwa kuwa barabara ya udongo mwekundu huzunguka miinuko na kutafuta mahali pa kuvukia mito. Ndani ya karne moja taa za malori yanayopita njia za namna hii zimebadilika mara kadhaa: balbu ya kawaida, taa ya kioo kilichofungwa, halojeni, zenoni, na sasa LED. Barabara yenyewe haikwenda nazo. Kwa miaka mingi imerudi nyuma. Ndiyo maana kutoa halojeni na kutia zenoni, jambo ambalo Ulaya lilihusu mwendo na starehe, huku huhusu zaidi mtikisiko, waya na betri.

Njia ni ya zamani kuliko gari lolote. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliondoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, kisha ikashika njia ya Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Mpelelezi Livingstone alikwama Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, kwa miezi mingi kwa sababu ya vidonda vya miguu, na hakufika Nyangwe hadi Machi 1871. Mfanyabiashara wa pembe Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo makao yake katikati ya miaka ya 1870. Wapagazi waliamka alfajiri, wakatembea hadi jua lilipokuwa kali, kisha wakapiga kambi. Usiku haukuwa wa safari. Majeshi ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, yaliiteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893 na Kabambare Januari 1894, lakini mzigo uliendelea kubebwa kichwani, mara hii kwa amri ya dola mpya.

Reli ingeweza kubadilisha mambo. Kampuni ya CFL ilimaliza njia ya Kindu hadi Kongolo mwaka 1911, kilomita 355, lakini ilipita magharibi ya Lualaba. Kasongo na Kabambare zikabaki ng'ambo ya pili, kwa hiyo kila gunia lilipaswa kufikishwa mtoni kwanza. Kilimo cha lazima cha pamba, kilichoanzishwa Maniema mwaka 1917, kiliongeza mzigo na kuzidisha haja ya barabara za magari. Wanakijiji ndio waliozilima kwa jembe, na ndio waliolazimishwa kuzitunza: kufyeka majani, kufukia mashimo, kuzibua mifereji kabla ya mvua. Kazi hiyo ilichukiwa, na kwa haki. Hata hivyo ndiyo iliyofanya gari lipite.

Barabara hizo zilipoenea, miaka ya 1920, taa za gesi ya karabidi zilikuwa zikitoweka duniani. Bosch ya Ujerumani ilikuwa imeanza kuuza mfumo kamili wa taa ya umeme, dinamo na betri mwaka 1913, na katikati ya miaka ya 1920 ikatokea balbu ya nyuzi mbili, mmoja wa mwanga wa mbali na wa pili wa kupunguza. Kwa hiyo Maniema ya Kusini haikuhitaji kupitia enzi ya karabidi barabarani. Magari ya Kimarekani, ambayo Ford na General Motors ziliyaunganisha pia Antwerp, bandari kuu ya bidhaa za Kongo, yalitumia umeme wa volti 6, na mwanga wake ulikuwa hafifu mno kwa macho ya leo. Dereva aliona hatua chache mbele, na mwendo wake ulilingana na alichokiona. Mwaka 1940 Marekani ilileta taa ya kioo kilichofungwa, ambamo uzi, kioo cha kuakisi na kioo cha mbele ni kitu kimoja. Vumbi haliingii ndani yake, faida kubwa kwenye udongo mwekundu. Lakini uzi ukikatika, taa nzima hutupwa.

Baada ya uhuru wa 1960 utunzaji wa barabara kwa mikono ulikufa pamoja na shuruti iliyoushikilia. Idara ya Barabara, Office des Routes, iliundwa mwaka 1971 na kukabidhiwa zaidi ya kilomita 58,000 za nchi nzima, mzigo ambao fedha zake hazikutosha kamwe. Vita vya kuanzia 1996 vilimaliza kilichobaki. Malori yaliadimika, na biashara ikahamia kwenye baiskeli zilizosukumwa kwa siku nyingi zikiwa na mawese, mchele, chumvi na vitenge. Baadaye pikipiki zikachukua sehemu ya kazi hiyo. Lori lilirudi polepole, nalo lilirudi likiwa limetumika kwingine: mitumba ya Ulaya na Asia inayofika mashariki ya Kongo kupitia bandari kama Dar es Salaam na Mombasa. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, karibu na Salamabila katika eneo la Kabambare, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, ulileta magari mazito ya kampuni, lakini misafara yake ilishambuliwa mara kadhaa na makundi yenye silaha. Katika hali hiyo safari ya usiku ilikuwa hatari hata kwa taa bora kuliko zote.

Malori hayo ya mitumba ndiyo yaliyoifanya halojeni kuwa taa ya kawaida. Balbu ya kwanza ya halojeni ya magari, H1, ilitoka Ulaya mwaka 1962. H4, yenye nyuzi mbili, ikafuata mwaka 1971. Ndani yake gesi ya iodini au bromini hurudisha kwenye uzi chembe za tungsteni zilizovukizwa, ili kioo kisifanye weusi na uzi uweze kuwaka kwa joto kubwa zaidi. Lori la dizeli hutumia volti 24, na hapo ndipo penye udhaifu ambao mwenye gari dogo hauoni. Uzi wa volti 24 ni mwembamba na mrefu kuliko wa volti 12, kwa hiyo ustahimilivu wake wa mtikisiko ni mdogo zaidi. Barabara yenye mawimbi magumu na mashimo huukata kabla ya muda wake.

Zenoni haina uzi. Ndani ya kijitungi cha kwarzi mna ncha mbili za tungsteni, gesi ya zenoni na chumvi za metali. Kifaa kiitwacho balasti hupiga umeme wa zaidi ya volti 20,000 ili kuwasha cheche kati ya ncha hizo, kisha huushikilia mwanga kwa wati 35 tu. Balbu ya namna hiyo hutoa lumeni zipatazo 3,200, huku H4 ya wati 70 ikitoa kama 1,200 kwenye mwanga wa kupunguza. Nusu ya umeme, mwanga zaidi ya mara mbili, na hakuna uzi wa kukatika: kwa dereva wa barabara mbovu hilo la mwisho ndilo lenye uzito. BMW ilianza kuuza gari lenye taa hizi mwaka 1991, na malori mazito ya Ulaya yakazipata baadaye, kama nyongeza ya kulipiwa.

Hesabu hiyo huharibika pale zenoni inapotiwa kwenye taa iliyotengenezwa kwa halojeni, na seti za bei nafuu za kubadilishia huuzwa kwa kazi hiyohiyo. Kioo cha kuakisi cha H4 kimechongwa kwa ajili ya uzi ulio mahali pamoja maalumu, wenye kikinga mwanga kidogo cha chuma chini yake. Cheche ya zenoni ina umbo lingine na kingo zake hazilingani na za uzi. Matokeo ni mwanga mwingi unaotawanyika juu, machoni mwa anayekuja, na mwingine unaorudishwa na vumbi au ukungu kwa dereva mwenyewe. Mzigo huongeza tatizo. Lori likijazwa magunia na abiria juu yake, springi za nyuma hulala, pua huinuka, na taa zikaelekea kwenye matawi ya miti. Kwa sababu hiyo kanuni za Ulaya ziliagiza taa za zenoni ziwe na kifaa cha kuzirekebisha zenyewe na kisafishio cha kioo. Seti ya dukani haina hata kimoja. Kongo, wakati huo Zaire, ilijiunga mwaka 1977 na Mkataba wa Vienna wa usafiri wa barabarani, unaotaka taa ya kupunguza imulike angalau mita 40 bila kuwapofusha wengine. Sharti la pili ndilo linalovunjwa.

Umeme nao una masharti yake. Balasti ya volti 12 haifai kwenye lori la volti 24, na fundi anayekwepa hilo kwa kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili zilizofuatana huziua zote mbili: moja huchoka daima, nyingine hujazwa kupita kiasi. Viungio vilivyofungwa ovyo huingia maji ya mvua, na katika kusini mwa Maniema mvua hunyesha kwa miezi mingi ya mwaka, kiangazi kikishika zaidi Juni hadi Agosti. Balasti iliyoingia maji haitengenezeki kando ya barabara, ilhali balbu ya H4 huwekwa kwa dakika chache, ilimradi kidole kisiguse kioo. Mafuta ya ngozi hukipasha joto mahali pamoja na kukipasua.

Mara nyingi halojeni inayolaumiwa kwa ufifi haina kosa. Waya chakavu na swichi iliyoungua hupoteza volti njiani, na volti zikipungua kwa asilimia 10 mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Waya mnene mpya kutoka betri, rilei na fyuzi huirudishia taa nguvu yake bila kubadilisha kitu kingine. Ni kazi isiyo na sifa, nayo hushindwa kuvutia mbele ya mwanga mweupe wa buluu. Zenoni yenyewe, hata hivyo, ilipitwa na wakati mapema. Kampuni za magari zimeiacha na kushika LED, ambayo nayo haina uzi na haihitaji umeme wa volti nyingi, ingawa balbu ya LED ikitiwa kwenye kioo cha halojeni hurudia kosa lilelile la kutawanya mwanga.